Minara ya simu kwenye ardhi ya barabara kuu: pango la kudumu, mgawo wa mapato, au huduma badala ya fedha?

Ofisi ya barabara ikipokea barua ya kampuni ya minara inayoomba kipande cha hifadhi ya barabara, swali la kwanza mezani huwa ni moja: watalipa kiasi gani kwa mwezi? Ni swali la haki, ila halistahili kuwa la kwanza. Marekani, majimbo yamekuwa yakikodisha ardhi ya barabara kuu kwa mawasiliano ya simu kwa takriban miaka 30 sasa. Kwa uzoefu wao, kiwango cha pango ndicho kipengele chepesi kuliko vyote. Kazi ipo kwenye vipengele viwili vinavyokuja kurasa za nyuma: nani anakula fedha za mpangaji wa pili, yaani kampuni nyingine ya simu inayokuja kufunga antena zake kwenye mnara uleule, na nani analipa siku barabara inapopanuliwa na mnara uko njiani. Nimezilinganisha njia tatu za kukodisha kwa kuangalia hayo mawili kabla ya mengine yote.

Kwa nini tuangalie Marekani? Kwa sababu watu wa upande wa pili wa meza ni walewale. American Tower ya Boston ina minara Kenya na Uganda. SBA Communications ya Florida iliingia Tanzania mwanzoni mwa 2022 kwa kuchukua minara takriban 1,400 iliyokuwa ya Airtel. Kampuni hizi zinakuja na mikataba iliyokwisha kupikwa kwao, na anayepokea rasimu asijue ilikotoka anaanza akiwa nyuma.

Walivyofika hapo

Mtandao wao wa barabara kuu za kitaifa ulianza kujengwa kwa sheria ya 1956. Miaka mitatu baadaye, chama cha maofisa wa barabara wa majimbo kikaweka sera ya kuzuia mabomba, nguzo na nyaya kulazwa kandokando ya barabara hizo ndani ya uzio. Hoja ilikuwa usalama: kila fundi anayesimamisha gari begani mwa barabara ya mwendo kasi ni ajali inayosubiri. Sera hiyo ilishika hadi 1988, serikali kuu ilipoyaachia majimbo yaamue yenyewe. Agosti 1995 Rais Clinton akaziagiza ofisi za serikali zifungue mali zao kwa antena za simu, na sheria ya mawasiliano ya 1996 ikaitaka tume ya mawasiliano iyasaidie majimbo kitaalamu ili nayo yafungue ardhi na njia zao.

Kuna kifungu kimoja pale ambacho ningetamani kukiona kwetu kikiwa kimeandikwa wazi vilevile. Ardhi ya barabara iliyonunuliwa kwa fedha za serikali kuu ikikodishwa, pango linapaswa kuwa la bei ya soko, isipokuwa pawe na manufaa ya kijamii, kimazingira au kiuchumi yanayotetea punguzo. Na sehemu ya mapato inayolingana na mchango wa serikali kuu sharti irudi kwenye kazi za barabara. Hapa kwetu, jambo la kuuliza kabla ya mkataba wowote ni kama fedha zitaingia Mfuko wa Barabara au zitapotelea kwenye kapu la jumla. Wahandisi wasipoona chochote kikirudi kwenye mitaro na madaraja yao, hawatakuwa na sababu ya kuusimamia mkataba.

Njia ya kwanza: pango la kudumu

Hii ndiyo inayoeleweka upesi. Kampuni inachukua kiwanja kidogo, inajenga mnara, inaweka uzio na jenereta, inalipa kiasi kilichotajwa. Kwa kawaida mkataba huanza na miaka 5 au 10, kisha unajirefusha mara kadhaa hadi miaka 25 au zaidi. Marekani pango hupandishwa kila mwaka, na kiwango kilichozoeleka ni asilimia 3.

Ubaya wake hauonekani mwaka wa kwanza. American Tower yenyewe imekuwa ikiwaonyesha wawekezaji wake mfano wa mnara mmoja wa Marekani uliojengwa kwa dola 275,000: ukiwa na kampuni moja tu ya simu, faida kwa mwaka ni kama asilimia 3 ya gharama. Ikipanda ya pili, inafika asilimia 13. Ya tatu, asilimia 24. Soma tena tarakimu hizo ukiwa upande wa mwenye ardhi. Mpangaji wa kwanza analipia saruji na chuma. Wa pili na wa tatu ndio biashara. Aliyekubali pango la kudumu amempangisha mtu nyumba nzima kwa bei ya chumba, kisha anamtazama akivipangisha vyumba kimoja kimoja.

Ile asilimia 3 nayo ina mtego. Imetokana na mfumuko wa bei wa kwao. Nje ya Marekani, kampuni hizohizo hutumia zaidi fahirisi ya bei ya nchi husika zinapowatoza wateja wao, yaani kampuni za simu. Basi mwenye ardhi naye adai kipimo hichohicho. Ukiona rasimu inakupa wewe asilimia 3 ya kudumu huku mpangaji wa juu ya mnara akitozwa kwa kufuata mfumuko wa bei, tofauti hiyo inaingia mfuko wa mtu, na huyo mtu si wewe.

Pamoja na hayo siibezi njia hii. Kwa ofisi isiyo na mhasibu wa kufuatilia mikataba, fedha inayojulikana ni bora kuliko mgawo usiokaguliwa. Tena kwa vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye nguzo za taa, mijini hasa, hakuna haja ya hesabu ngumu. Marekani wamekwenda mbali zaidi: Septemba 2018 tume yao ya mawasiliano iliamua kwamba dola 270 kwa mwaka kwa kifaa kimoja kidogo ndiyo tozo itakayohesabiwa kuwa ya haki bila maswali. Anayetoza zaidi aonyeshe gharama zake. Miji ilipinga mahakamani, na Agosti 2020 mahakama ya rufaa ikaacha sehemu hiyo ya tozo isimame. Jiji la San Jose, miezi michache kabla ya uamuzi ule wa tume wa 2018, lilikuwa limekwisha kuafikiana na kampuni za simu kupata mfuko wa dola milioni 24 kwa miaka 10 wa kuwaunganisha wakazi wa kipato cha chini na intaneti. Aliyewahi kusaini alipata. Waliochelewa wakakuta dari limeshuka. Mamlaka ya mawasiliano ikishaingilia bei, ofisi ya barabara haina tena la kujadili, kwa hiyo ni vizuri ofisi hizi mbili zikae pamoja kabla ya zabuni ya kwanza.

Njia ya pili: mgawo wa mapato

Hapa ofisi ya barabara inapata kiwango cha chini kilichohakikishwa, na juu yake sehemu ya malipo ya kila kampuni ya simu inayopanda mnarani. Tuchukue tarakimu za kufikirika ili hesabu ionekane. Njia ya kwanza inakupa shilingi milioni 1 kwa mwezi, basi. Njia ya pili inakupa 700,000 za uhakika, pamoja na asilimia 20 ya malipo ya kila mpangaji anayeongezeka baada ya wa kwanza. Kila mmoja wao tuseme analipa milioni 2.5. Mnara ukibaki na mpangaji mmoja, umepoteza 300,000 kila mwezi. Akija wa pili unapata milioni 1.2, na wa tatu milioni 1.7. Uamuzi wote unasimama kwenye swali la kama wa pili atakuja, na hilo linakisiwa kwa ramani. Kandokando ya barabara yenye malori usiku kucha, kituo cha mafuta na mji mdogo unaokua, atakuja. Katikati ya pori lenye kilomita 60 bila kijiji, huenda asije kabisa.

Ugumu wa njia hii ni neno "mapato". Kampuni ikimtoza mpangaji pango la antena, halafu kando yake "huduma ya umeme", halafu "ada ya usimamizi", ni kipi kinagawanywa? Umeme kweli ni gharama, na kwenye mnara usio na gridi dizeli inakula fedha nyingi. Si haki kudai mgawo juu ya dizeli. Lakini ada ya usimamizi ni pango lililobadilishiwa jina. Mkataba utaje kila aina ya malipo, na uipe ofisi haki ya kukagua vitabu vya mnara huo, na si taarifa ya jumla ya kampuni.

Hatari nyingine ni kuungana kwa kampuni za simu. T-Mobile ilipoimeza Sprint mwaka 2020, haikuhitaji antena mbili kwenye mnara mmoja, na maelfu ya sehemu za Sprint zikafungwa miaka iliyofuata. Watanzania waliona jambo hilo kwa udogo wake Tigo ilipoichukua Zantel. Aliyekuwa akihesabu wapangaji watatu anaweza kuamka ana wawili. Ndiyo maana kiwango cha uhakika kisikubaliwe kuwa kidogo mno eti kwa sababu mgawo utafidia.

Na kuna kishawishi ambacho huja mwaka wa nne au wa tano, baada ya wapangaji kuongezeka: kampuni inarudi na kitita, inataka kununua haki ya miaka 30 au 50 kwa mkupuo. Kampuni za minara za Marekani hufanya hivi kama mpango wa kawaida, na hawaifichi sababu yake: pango la ardhi ni mojawapo ya gharama zao kubwa. Kwa mjane mwenye robo ekari na ada za shule mbele yake, kitita kinaweza kuwa uamuzi mzuri. Kwa ofisi ya umma ni kuuza mapato ya wakurugenzi watano wajao ili bajeti ya mwaka huu ipendeze. Ningekataa.

Njia ya tatu: huduma badala ya fedha

Miaka ya 1990 hii ndiyo iliyokuwa mtindo Marekani. Jimbo linatoa njia, kampuni inatoa mawasiliano: nyuzi kadhaa za mkongo, nafasi ya antena za polisi na zimamoto, kamera za kuangalia foleni. Mifano iliyoandikwa sana inahusu mkongo uliozikwa kandokando ya barabara na si minara, lakini mafunzo ni yaleyale.

Missouri iliipa kampuni moja changa, Digital Teleport, haki ya kuzika mkongo kwenye barabara zake kuu, nayo jimbo likapata nyuzi zake za kuendeshea mitambo ya barabara bila kutoa dola. Ikaonekana ni akili sana, na kwa kweli ilikuwa. Kisha mwisho wa 2001 kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika. Hapo ndipo mtu anagundua kama mkataba wake unasema "nyuzi hizi ni mali ya jimbo" au unasema "kampuni itatoa huduma". La kwanza linabaki mkononi hata mwenzako akianguka. La pili ni deni kwenye foleni ya wadai.

Minnesota nayo mwaka 1997 iliahidi mshirika wake miaka 10 ya kuwa peke yake kwenye barabara za mwendo kasi. Hoja yao haikuwa ya kijinga: mchimbaji mmoja ni salama kuliko wachimbaji wanane wanaopishana begani mwa barabara. Lakini sheria ya 1996 inakataza vizuizi vya ushindani, na Desemba 1999 tume ya mawasiliano ikakataa kuupa mpango ule muhuri wake. Upekee ndio unaofanya kampuni itoe huduma nyingi, na ndio hasa unaoleta kesi.

Hata hivyo kuna mahali ambapo njia hii haina mpinzani, nako ni kule ambako fedha haiwezi kuleta mnara kwa sababu biashara haipo. Barabara ya I-87 kaskazini mwa New York inapita kwenye misitu ya Adirondack, na kwa miaka mingi vipande virefu vyake havikuwa na simu. Januari 2007 gari la wanandoa kutoka Brooklyn liliacha njia humo wakati wa baridi kali; hawakuweza kupiga simu, na mume alikufa kwa baridi kabla ya kupatikana. Baada ya hapo ndipo minara ikaanza kusukumwa kwa nguvu. Pale, kudai pango la bei ya soko ni kujidanganya, maana soko lenyewe halipo. Unachodai ni simu iite, gari la wagonjwa lipatikane, na ardhi unaitoa kwa karibu bure. Ile ruhusa ya punguzo kwa manufaa ya jamii iliwekwa kwa ajili ya mahali kama hapo. Tanzania tuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya 2006, unaosaidia kugharimia minara ya vijijini; ardhi ya barabara inaweza kuwa mchango wa wizara ya ujenzi kwenye kapu hilo.

Kabla ya kuchagua, pima upana

Hapa ndipo kunakili kwa Wamarekani kunapogonga mwamba. Makutano yao ya barabara kuu yana mizunguko mikubwa ya kupandia na kushukia, na katikati ya mzunguko hubaki ekari kadhaa za nyasi. Mnara unakaa humo, fundi anaingia kwa barabara ndogo inayokatiza, hagusi njia ya magari ya kasi. Kwetu, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa nchini Tanzania ni mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Mnara wa kawaida wa vijijini una urefu wa mita 40 hadi 60. Hata ukiusimamisha kwenye mpaka kabisa wa hifadhi, ukianguka kuelekea barabarani unaifikia lami. Kampuni itakwambia minara haianguki hivyo, hujikunja. Pengine ni kweli, lakini mimi sitaki kuwa nimesaini.

Kwa hiyo mnara mkubwa ndani ya hifadhi ya kawaida ni wazo baya kwa njia zote tatu. Ardhi ya barabara inayofaa ni ile isiyo ukanda mwembamba: viwanja vya mizani kama Vigwaza na Mikese, au Mlolongo, Gilgil na Mariakani kwa Kenya, kambi za zamani za ujenzi, yadi za matengenezo, mashimo ya kokoto yaliyokwisha. Mizani tayari ina umeme, mlinzi na njia ya kuingilia, na malori yaliyosimama pale ni wateja. Ndani ya hifadhi yenyewe ziachwe nguzo fupi na vifaa vidogo tu.

Siku barabara inapopanuliwa

Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa sana. Nyumba za kubomolewa zilichorwa X: nyekundu kwa waliokuwa ndani ya mita 22.5, ya kijani kwa waliokutwa na lile ongezeko hadi mita 30. Kisha Kimara: mwaka 2017 nyumba zilivunjwa kupisha barabara ya njia nane hadi Kibaha, ambako hifadhi kwa sheria ya zamani ilizidi mita 120 kila upande. Nairobi, mabango, mabomba na nguzo vililazimika kupisha barabara ya juu ya kilomita 27 iliyofunguliwa 2022. Hifadhi ya barabara ipo ili barabara ikue. Kila kitu kingine kimekaribishwa kwa muda.

Katika hili njia tatu zinatofautiana sana. Pango la miaka 25 linampa mwenye mnara haki juu ya ardhi. Ukimtoa kabla ya muda, atadai fidia ya mnara na ya biashara aliyotarajia. Kibali au leseni ya matumizi haimpi haki hiyo, akitakiwa kuhama anahama kwa gharama zake. Ndiyo maana kampuni hupigania neno "pango" na mwanasheria wa barabara apiganie neno "leseni". Kwenye mgawo wa mapato hali ina utata zaidi, kwa sababu ukiuhamisha mnara unajikata na wewe mwenyewe, na wapo watakaochelewesha upanuzi wa barabara kwa ajili ya mapato ya minara. Kwenye huduma badala ya fedha ndiyo mbaya kuliko zote: mnara ukizimwa, redio za polisi na kamera zako zinazimika nao. Ukiichagua hiyo, andika kwamba kampuni italeta mnara wa muda wa magurudumu kabla ya kuzima wa kudumu.

Ningechagua hivi

Kwa viwanja vya mizani na yadi zilizo karibu na miji, mgawo wa mapato, kwa leseni na si pango, kiwango cha uhakika kisipungue theluthi mbili ya pango ambalo mwenye shamba jirani angelipwa, na zabuni iwe wazi kwa kampuni zote. Kwa nguzo za taa, tozo moja ya kudumu, ndogo, inayofanana kwa kila mwombaji, na kibali kitoke ndani ya siku zilizotajwa. Ucheleweshaji wa vibali hula fedha nyingi kuliko tozo yenyewe. Kwa vipande vya porini visivyo na mtandao, ardhi bure au karibu na bure, badala yake mawasiliano ya dharura na nafasi ya antena za serikali, vikiandikwa kama mali na si kama ahadi. Halmashauri isiyo na mtu wa kukagua vitabu ichukue pango la kudumu linalofuata fahirisi ya bei na isijione imeshindwa, ila iongeze sentensi moja: kila mpangaji mpya akipanda mnarani, pango linaongezeka kwa kiasi kilichotajwa. Sentensi hiyo haihitaji mkaguzi. Inatosha mtu kuinua macho na kuhesabu antena, kisha kuomba barua ya kuthibitisha ni za nani.

Na kwa njia yoyote ile, chukua dhamana ya benki ya kung'oa mnara kabla mkandarasi hajachimba msingi. Mikataba mingi ya Marekani inataka zege litolewe hadi kina cha futi 3 chini ya ardhi. Kwa hifadhi ya barabara hicho hakitoshi, kwa sababu mtaro wa barabara iliyopanuliwa unaweza kwenda chini zaidi ya hapo. Andika lote litoke, na kiasi cha dhamana kipandishwe kila mkataba unaporefushwa.